Hosipawa za kwenye boksi zilivyoniumbua

Mashine yetu ya kupukuchua mahindi, nje kidogo ya Mbeya, ilizungushwa miaka na miaka na dizeli ya kizamani aina ya Lister: silinda moja, magurudumu mawili mazito, hosipawa 6. Ilipochoka nikaenda mjini kununua injini ya petroli ya cc 196. Nyepesi, mtu mmoja anaibeba, na kwenye boksi imeandikwa 6.5 kwa tarakimu kubwa. Nikajua nimepanda cheo.

Nikachongesha bushi ili puli ya zamani ikae, nikafunga mkanda. Debe la kwanza tu, punje zilitoka zimepasuka kama chenga, injini ikaguna, ikazima. Mara tatu. Majirani wameshika magunia wananitazama.

Fundi mmoja mzee aliyepita njiani aliuliza swali moja: "Mwanangu, hizo hosipawa zako ni za mzunguko gani?"

Sikuwa na jibu. Dizeli ile ilitoa hosipawa 6 ikizunguka mara 650 tu kwa dakika. Injini za petroli kama yangu hupimwa kwenye mizunguko 3,600. Hosipawa ni kasi ya kufanya kazi. Kinachosukuma shafti ni torki, yaani nguvu ya kusokota, na hupimwa kwa niutonimita (Nm). Ning'iniza kilo 1 kwenye spana, sentimita 10 kutoka kwenye nati: hiyo ni karibu Nm 1. Hesabu yake fupi: Nm zidisha mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,550, unapata kilowati (hosipawa moja ni kama kilowati 0.75). Ukiigeuza, mzee Lister alikuwa na Nm 66 hivi. Honda GX200, yenye cc 196 kama yangu, inafika 12.4 tu. (Natumia takwimu za Honda kwa sababu boksi langu halikuwa na cha maana zaidi ya ile 6.5.)

Na 6.5 yenyewe ina mambo. GX200 zamani iliandikwa hosipawa 6.5, siku hizi inaandikwa 5.5. Injini haijapungua, ila zamani walipima injini tupu, sasa wanaipima ikiwa na ekzosi na chujio la hewa kama utakavyoitumia. Halafu sisi wa milimani hewa yetu nyepesi. Vitabu vya Honda vinasema kila ukipanda mita 300 nguvu hupungua kwa asilimia 3.5 hivi, hata kabureta ikirekebishwa. Mbeya iko kama mita 1,700. Piga mwenyewe: ile 6.5, ambayo kumbe ni 5.5, imebaki 4.4 hivi.

Bado 4.4 ilitosha kwa mahindi yetu. Kosa langu lilikuwa puli. Za zamani, ya kwenye injini na ya kwenye ngoma inayopukuchua, zilikaribia kulingana ukubwa, kwa hiyo ngoma ilikuwa inalazimishwa kuzunguka zaidi ya mara tano ya kasi yake. Fundi alifunga ya inchi 3 kwenye injini na ya inchi 15 kwenye ngoma. Injini ikizunguka 3,000, ngoma inazunguka 600, na torki inazidi mara tano, ukitoa kidogo kinacholiwa na mkanda. Ni kama kushusha gia ya baiskeli mlimani. Punje zikatoka nzima.

Kitu kingine nilichojifunza kwa sikio: GX200 ina torki kubwa kabisa kwenye 2,500, si 3,600. Ukiilemea kidogo inashuka sauti lakini inakaza kuvuta. Ikishuka chini ya hapo inaishiwa pumzi, na hapo mkono wako uache kulisha mashine mara moja.

Juzi shemeji kanitumia picha ya boksi kwenye WhatsApp: "Hosipawa 7, nichukue?" Nimemwambia aligeuze, anipigie picha upande wenye maandishi madogo.