Kipimo kisichoona shina: kwa wenzetu wanaoanza kazi ya chanjo ya mafua

Wengi wanaojiunga na kazi hii huja na hamu ya kupata chanjo moja itakayomkinga mtu dhidi ya mafua ya msimu na vilevile kupunguza makali ya janga ambalo bado halijazuka. Hamu hiyo ni njema. Hata hivyo, kabla hamjaanza kubuni protini mpya, nawashauri mkae wiki kadhaa mbele ya sahani ya vishimo 96 na seli nyekundu za damu ya bata mzinga, kwa kuwa kipimo tunachotumia ndicho kinachoamua ni chanjo ipi itakayoonekana nzuri.

Hemaglutinini, protini ambayo virusi vya mafua hujishikiza nayo kwenye seli zetu, hugandamanisha pia seli nyekundu. Virusi vikiachwa na seli hizo peke yake, seli hutanda kishimoni kama utando mwembamba. Seramu (maji ya damu yaliyotengwa na seli) yenye kingamwili ikiongezwa, virusi huzuiwa, seli hushuka na kuwa kitone chini, na ukiinamisha sahani kitone hicho hutiririka kama chozi. Seramu huzimuliwa mara 10, 20, 40 na kuendelea, na kishimo cha mwisho chenye chozi ndicho jibu. Tangu miaka ya 1970, 1:40 (seramu iliyozimuliwa mara 40) imechukuliwa kuwa kiwango kinachopunguza uwezekano wa mtu mzima kuambukizwa kwa takriban nusu.

Tatizo ni kwamba kipimo hiki huona kichwa cha hemaglutinini tu, si shina linalokibeba. Kichwa ndicho hubadilika mara kwa mara, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupendekeza aina za virusi za kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini. Shina hubadilika polepole, tena hufanana baina ya aina za hemaglutinini (H) zilizo ndugu: H1, H2 na H5 wako kundi moja, H3 na H7 kundi jingine. Kingamwili za shina hazizuii virusi kujishikiza. Huvizuia baadaye, vinapotaka kuunganisha utando wao na wa seli. Kwa hiyo chanjo iliyobuniwa kulenga shina pekee itasomeka bure kwenye sahani yenu hata kama inamkinga mnyama wa majaribio. Neuraminidasi (N), protini nyingine ya juu ya virusi, nayo husahaulika: chanjo za kawaida hupimwa kwa hemaglutinini, mikrogramu 15 kwa kila aina ya virusi, ilhali N1 ya mafua yetu ya msimu ina undugu na N1 ya H5N1 ya ndege. Fanyeni kipimo chake pia, pamoja na cha kuzuia virusi visiingie kwenye seli hai.

Mwaka 2009 ulitufundisha thamani ya kazi hii. Chanjo ya msimu ilikuwa na H1N1, lakini haikuwasaidia kwa kiasi cha maana watu waliokutana na H1N1 mpya, na chanjo mahususi ilianza kutolewa Marekani mwezi Oktoba, wimbi la pili likiwa tayari linapanda. Miezi hiyo ya kungoja ndiyo tunayotaka kuiziba.

Jambo la mkononi sasa. Mwaka wangu wa kwanza nilipata viwango vya juu ajabu, nikafurahi, mpaka mkuu wangu aliponiuliza seramu za kabla ya chanjo zilisomaje. Nazo zilikuwa juu. Sikuwa nimezilaza usiku kucha kwenye kimeng'enya cha bakteria wa kipindupindu, kinachoharibu vizuizi vya asili vya damu, na furaha yangu yote ilikuwa ya vizuizi hivyo. Tangu siku hiyo huanza kusoma safu ya kabla ya chanjo.

Mwisho, andikeni mwaka wa kuzaliwa wa kila mshiriki. Waliozaliwa kabla ya 1968 kwa kawaida walikutana kwanza na H1 au H2, na mwili huikumbuka aina hiyo ya kwanza. Mkiwachanganya na vijana waliotangulia kuugua H3, wastani wenu hautamweleza yeyote kati yao.