Barua kwa mwanangu: jalada lako la maleba

Marahaba mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikausikiliza tena na baba yako. Umeuliza mambo mawili. Sasa unapomaliza miaka yako miwili ya chuo cha jamii hapa Marekani na unataka kuomba shahada ya sanaa za maonyesho, utie nini kwenye jalada lako la kazi za maleba, yaani mavazi ya jukwaani? Na je, ufanye na odisheni, yaani majaribio ya uigizaji, maana rafiki yako amekwambia kwamba anayebisha hodi milango miwili ana nafasi zaidi ya kufunguliwa?

Nakujibu kama mama, na kama fundi pia. Nashona maleba ya jukwaani tangu wewe uko shule ya msingi, na vijana wanaokuja karakana na majalada yao nawaona. Bisha mlango mmoja, wa maleba. Na jalada lako lioneshe namna unavyofanya kazi, si nguo zilizokwisha peke yake.

Walimu wanaokaa upande wa pili wa meza ya usaili wanachagua mtu watakayekaa naye karakana miaka minne. Kupiga pasi mshono watakufundisha. Wanachotaka kukijua mapema ni unafanya nini nguo inapokukatalia.

Chukua lile koti ulilolishona kwa ajili ya mchezo wa muhula uliopita. Picha uliyonitumia ni ya mwigizaji kasimama jukwaani, taa ya manjano inamwangaza, koti limemkaa vizuri. Iweke, lakini iwe ya mwisho kwenye ukurasa wake. Kabla yake weka ile ya jaribio la kwanza la kitambaa cha merikani, lililojaa pini na alama za chaki nyekundu. Ulinieleza kwamba kila mwigizaji alipoinua mkono kutundika taa, koti zima lilipanda naye mpaka kiunoni. Ukafumua mkono, ukapandisha kwapa, ukatia kikwapa. Hapo ndipo penye kazi, mwanangu. Wengi koti likivutika namna ile hudhani mkono ni mwembamba, wanaupanua, na tatizo linabaki palepale, kwa sababu kosa ni kwapa kukaa chini mno. Mwalimu wa maleba akiiona picha ile na maelezo ya mistari miwili chini yake, atakuwa ameshapata anachokitafuta. Fuatisha na upande wa ndani wa koti, bitana na mishono ionekane. Fundi hugeuza nguo kabla hajaisifu.

Usijaze. Kurasa kumi na tano zilizochaguliwa zinatosha mahali pengi, lakini kila chuo kina masharti yake na ni lazima uyasome neno kwa neno. Ukiambiwa picha kumi, peleka kumi. Kila picha iwe na jina la mchezo, mtunzi, mwongozaji, mahali, mwaka, na wewe ulifanya nini. Hilo la mwisho lishike kwa mikono miwili. Kama mwenzako ndiye aliyechora na wewe ukakata na kushona, andika hivyo hivyo. Dunia ya jukwaa ni ndogo, mwenye mchoro atajulikana tu, na mkono wako unajitosheleza bila kuchukua wa mtu.

Karatasi ya vipimo vya mwigizaji nayo itie, ila futa jina lake. Bandika vipande halisi vya vitambaa kwenye jalada la mkononi, maana kamera ya simu huongopa rangi. Picha za kutuma kwa mtandao zipige karibu na dirisha mchana, bila taa ya dari na bila kichujio. Michoro ya mkaa ya miili ya watu, hata ile unayoiona ya kawaida, iwemo miwili au mitatu, kwa sababu mbunifu wa maleba anatakiwa aujue mwili ulivyo chini ya nguo. Na ile kofia uliyoidarizi kwa mkono ukiwa kwa bibi yako Tanga, usiiache. Tundu zile ndogo zilizolingana zinaonesha subira ya vidole ambayo mashine haiwezi kuionesha. Gauni la harusi la binti ya shangazi yako liwe moja tu. Linathibitisha kwamba unajua kukata, lakini halikutoka kwenye tamthilia, na swali la meza ile ni kama unaweza kusoma tamthilia ukaivisha.

Watakuuliza kitu gani ungekibadilisha. Watajie hasa, kwa ufundi, usijitetee wala kujidharau. Watakuuliza tamthilia unayoipenda. Itaje uliyoisoma yote, na useme mhusika gani ungemvika nini na kwa nini. Hotuba ya kukariri iache nyumbani.

Sasa uigizaji. Ukiniambia usiku hulali kwa kutaka kuigiza, nitakushonea nguo ya odisheni kwa mikono yangu. Lakini sikukusikia ukisema hivyo. Ulichosema ni bahati, na odisheni si jambo la kutupia kando. Vyuo vingi sasa vinataka video ya mchujo kwanza, majira ya vuli: kwa kawaida monolojia mbili zinazotofautiana, yaani hotuba za mhusika mmoja, kila moja kama dakika moja au moja na nusu, kutoka tamthilia zilizochapishwa ulizosoma mwanzo hadi mwisho, mhusika akiwa wa umri unaokaribia wako. Pengine wataka na kipande cha Shakespeare. Unataja jina lako na unachoigiza, macho unayaweka kando kidogo ya kamera, ukuta nyuma yako uwe mtupu. Ukipita, unaitwa ana kwa ana, na vyuo vingi hukutana na waombaji kwa pamoja mwishoni mwa Januari na Februari huko New York, Chicago na Los Angeles. Pale watakusimamisha na kukwambia: rudia, lakini safari hii unamnong'oneza mtu aliyelala. Nao wanaangalia jambo lile lile, unafanyaje kazi ukielekezwa. Kujiandaa vizuri kwa hayo ni miezi, na miezi hiyo hiyo ndiyo ya jalada.

Ruth E. Carter, alipokuwa Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, aliomba kuigiza kwenye mchezo akakosa nafasi, mwalimu akamwambia ashike maleba. Mwaka 2019 alichukua Oscar ya mavazi kwa filamu ya Black Panther, Mwafrika Mmarekani wa kwanza kuipata kwa kazi hiyo, na mwaka 2023 akachukua ya pili. Chadwick Boseman, mwigizaji mkuu aliyevaa mavazi yale, shahada yake ya Chuo Kikuu cha Howard ilikuwa ya uongozaji. Kwa hiyo mlango unaoingilia leo haukufungii mingine, na huna sababu ya kuogopa kwamba ukishika sindano umeiaga sanaa.

Kuhusu vyuo, nimekaa na baba yako tukatazama. Carnegie Mellon, Pittsburgh, ndiyo iliyoanza kutoa shahada ya maonyesho nchini hapa, mwaka 1914, na ina ubunifu wa maleba. DePaul, Chicago, wana hata shahada ya ufundi wa maleba peke yake, tofauti na ubunifu, na nakuomba uifikirie sana hiyo kwa sababu mkono wako una nguvu kuliko penseli yako. Shule ya sanaa ya North Carolina kule Winston-Salem inasifika kwa karakana.

Lakini kuna jambo ambalo rafiki yako hakukwambia. Vyuo vingi vya BFA, shahada ya sanaa yenye karakana nyingi, humwanzisha mwanafunzi anayehamia mwaka wa kwanza wa karakana, hata kama ana miaka miwili ya masomo mkononi. Hesabu ulizosoma chuo cha jamii zitapokewa, Kiingereza kitapokewa, bado utakaa minne. Kwa hiyo lazima orodha yako iwe na chuo kikuu cha jimbo letu chenye BA, shahada ya kawaida ya sanaa, ambako miaka yako miwili itahesabika na ada ni ya mkaazi. BA ina saa chache za karakana, ila karakana za vyuo hivyo huwa na njaa ya watu wanaojua kushona, na utapewa nguo kubwa mapema.

Baba yako aliuliza kazi itapatikana wapi. Nimemwambia washonaji na wavishaji wa majukwaani wamo kwenye chama cha wafanyakazi wa jukwaani, IATSE, kilichoanzishwa 1893, na wenye kadi ya chama wanaishi kwa mkono wao. Amenyamaza, kisha akauliza ada.

Ada basi. Kila chuo kina ada ya maombi, na baadhi huongeza ada ya pili ya kuangaliwa jalada. Andika barua pepe uombe usamehewe. Ofisi za udahili hupokea maombi hayo kila mwaka, hakuna aibu. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, tuijaze pamoja siku ya mapumziko yangu, uje na karatasi zako za kodi. Usaili wa jalada ukiweza kufanyika kwa video, fanya kwa video, isipokuwa Chicago: huko nataka twende wote, uone karakana kwa macho yako, uwaulize wanafunzi wanalala saa ngapi na nani huwafundisha kukata.

Ada za vyuo viwili nimeshatenga. Cha kwanza ni cha jimbo letu, cha pili chagua wewe, unijulishe kabla ya Ijumaa.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako