Kansa ya figo ikifika kongosho, mzee ndio basi?

SWALI: Habari daktari. Baba yetu alitolewa figo moja miaka sita iliyopita sababu ya kansa. Juzi hapa Kisumu siti skani imeonyesha vivimbe viwili kwa kongosho na kadoa kamoja kwa mapafu, na tangu mama asikie hilo neno kongosho hata chakula hali. Tumebaki na muda gani?

JIBU: Pole sana dada. Mwambie mama hivi kwanza: kansa iliyoanzia kongosho na kansa ya figo iliyohamia kongosho ni vitu viwili tofauti. Ile ya kwanza ndio kali, watu hawaiogopi bure, lakini bayopsi (kutoa kipande kidogo cha uvimbe kipimwe) ikithibitisha hii ni ya figo basi imehama makao tu, na ajabu yake ni kwamba wagonjwa ambao imeenda kongosho huwa wanaishi muda mrefu kuliko wengi, kwa sababu hukua polepole na inategemea sana mishipa ya damu, kwa hivyo dawa za kuzuia hiyo mishipa kama sunitinib mara nyingi huishika vizuri.

Mapafu ndio mahali kansa ya figo hupenda kwenda zaidi, na ikiwa huko peke yake si mbaya sana. Penye sisi huwa na wasiwasi ni ini, ubongo na mifupa. Hiyo ya mifupa huula mfupa kutoka ndani, mtu anainua tu ndoo ya maji, mkono unavunjika.

Muda siwezi kukutajia kwa kusoma ripoti, na anayekutajia miezi kwa simu usimsikize. Tunahesabu alama 6 za hatari: kama hakumaliza mwaka tangu agunduliwe kabla ahitaji dawa (mzee hapo amepita), damu kupungua, kalsiamu kupanda kwa damu, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) nyingi, plateleti (chembe za kugandisha damu) nyingi, na kama hawezi tena kujifanyia kazi zake, yaani kuoga na kutembea mpaka stegi lazima ashikiliwe. Bila alama hata moja yuko kundi zuri, moja au mbili katikati, tatu kwenda juu ndio hali ngumu.

Mkienda kliniki ya kansa, Eldoret ama penye mtatumwa, ulizeni kama hivyo vivimbe vinaweza kukatwa, sababu vikiwa vichache wakati mwingine inawezekana. Na mbebe ile ripoti ya maabara ya figo iliyotolewa, watu huisahau kwa kabati halafu wanarudishwa nyumbani.