Krediti 180 na wastani wa 12.8: je, naweza kuomba DPT Marekani?

SWALI: Yaya, jambo sana. Mimi ni kine (mtaalamu wa tiba ya viungo), nimemaliza lisansi, yaani shahada ya kwanza ya miaka 3 katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), hapa Lubumbashi: krediti 180, wastani wa 12.8 juu ya 20. Kwa sasa nashika wagonjwa kwenye kliniki moja ya Kampemba. Nataka kuomba doktora ya tiba ya viungo Marekani, ile wanayoita DPT, kisha nirudi kufundisha hapa nyumbani. Rafiki ameniambia nifungue akaunti ya PTCAS, nitume karatasi, basi. Alama zangu zinatosha? Nianzie wapi? (Mdogo wako, Katuba)

JIBU: Mdogo wangu, jambo. PTCAS ingoje kidogo. Ni mlango tu, yaani mtandao ambamo unajaza ombi mara moja na kulituma kwa vyuo kadhaa. Tuanze na neno lenyewe, "doktora", maana hapo ndipo wengi wetu tunapotea.

DPT ni shahada ya kuingilia kazini. Chuo kikuu cha Creighton, kule Omaha, kilianza kuitoa kwa wanaoanza fani mwaka 1993, na tangu 2016 programu zote za kufundisha kazi hiyo Marekani zinapaswa kuwa za DPT ili zitambuliwe na CAPTE, chombo chao cha ithibati. Kijana wa kule akishamaliza shahada ya kwanza, iwe ya biolojia au ya muziki, anasoma DPT kama miaka 3 ili awe kine kwa mara ya kwanza. Wewe tayari ni kine. Ukiingia humo, utalipa ili ufundishwe upya kushika goniometa, kile kifaa cha kupima pembe ya kiungo, kwenye goti.

Na habari ya kufundisha? Huku kwetu, anayetaka uprofesa anaombwa doktora yenye tasnifu, iliyotetewa mbele ya jopo. DPT haina tasnifu ya aina hiyo. Utarudi watu wakikuita Dokta, na kwenye faili la chuo ubaki na pengo lile lile. Kama kweli unataka kufundisha, mimi ningekuelekeza kwenye masta, halafu shahada ya uzamivu katika sayansi ya utengamao. Hata mambo ya pesa yanasema hivyo. Marekani, anayekubaliwa uzamivu mara nyingi hupewa posho kwa kusaidia utafiti au kufundisha, lakini wa DPT kwa kawaida anajilipia, na katika vyuo vingi karo ya miaka yote inapita dola 100,000. Mikopo ya serikali yao haimfikii mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo. Tena usisahau Afrika Kusini: Cape Town na Stellenbosch wana masta na uzamivu wa fani hii, na kutoka hapa ni karibu.

Haya, tuseme umesikia yote hayo na bado moyo uko kwenye DPT. Tuangalie karatasi zako.

Alama 12.8 juu ya 20 ni sawa na 64 juu ya 100, na Mmarekani akiiona 64 bila maelezo anadhani uliponea chupuchupu. Hajui kwamba huku 14 ni distinksyo, na kwamba kuna maprofesa wanaoona 16 kama mali ya Mungu. Kwa hiyo usijigeuzie alama mwenyewe. Kuna mashirika ya kulinganisha vyeti, kama WES, yanayosoma releve yako (karatasi ya alama za kila somo) kwa kipimo cha Kongo na kutoa wastani kwa kipimo chao cha 4.0. Omba tathmini ya somo kwa somo. Ile ya jumla haitakufaa. Vyuo vingi vya DPT vinataka angalau 3.0.

Krediti ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. LMD yetu inahesabu krediti 60 kwa mwaka, Marekani ni kama 30. Kwa hiyo 180 zako, kwa macho yao, ni kama 90, na shahada yao ya kwanza ya miaka 4 ina kama 120. Anayelinganisha anaweza kusema lisansi yako haijafika. Ukiongeza masta ya hapa, hoja hiyo inapoteza nguvu. Ndiyo maana nasema masta kwanza, njia yoyote utakayochagua.

Kisha masomo ya lazima: kwa kawaida anatomia, fiziolojia, kemia, fizikia, saikolojia na takwimu, na yale ya sayansi wanataka yawe na maabara. Hapa releve zetu zinatuangusha. Utaona "Fizikia, krediti 4", nukta. Saa za TP, yaani za maabara, ulizokaa ukipima mawimbi na lenzi hazionekani popote. Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia alikwama hapo hapo: alifanya TP zote, akashindwa kuzithibitisha. Nenda kwa apariteri, ofisi ya chuo inayotunza faili za wanafunzi, omba hati inayotenganisha saa za nadharia na za TP kwa kila somo, yenye muhuri wa idara yako. Vyuo vingine vinakataa masomo ya lazima yaliyosomwa nje ya Marekani, hata yakiwa mazuri. Soma ukurasa wa kila chuo kabla ya kulipa ada ya ombi.

Barua za mapendekezo: tumezoea kuandika wenyewe, profesa anasaini, tunabeba bahasha. PTCAS haipokei hivyo. Mfumo unampelekea profesa barua pepe, naye anajaza mwenyewe. Mwombe anwani anayoifungua kweli, maana wengine wana anwani ya kadi ya biashara tu. Na umkumbushe mgonjwa mmoja: yule mama wa kiharusi uliyemsimamisha kati ya paralele, zile fito mbili za kushikilia, ukamwona anahamisha uzito kwenye mguu uliopooza. Hicho kinasomwa kuliko "kijana mwenye bidii na tabia njema".

Saa za kushuhudia kazi kliniki, weka daftari lenye saini. Uliza kama saa za Kongo zinahesabiwa, kwani kuna vyuo vinavyotaka msimamizi mwenye leseni ya Marekani. Kiingereza utafanya TOEFL, vyuo vingine vinaongeza GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya juu. Viza ni Kinshasa, na utaonyesha pesa za mwaka wa kwanza.

Kuna njia ya tatu ambayo rafiki yako hakukutajia. Kama unachotaka ni kufanya kazi kule, siyo digrii, kine aliyesomea nje anaweza kupeleka masomo yake yapimwe na FCCPT, shirika linalolinganisha masomo ya kine wa kigeni na ya Marekani, kisha afanye NPTE, mtihani wa leseni: alama ni kati ya 200 na 800, unapita kwa 600. Kila jimbo lina sharti lake. Watakuomba silabasi ya kila somo, iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa. Kwa lisansi ya miaka 3 peke yake, nisikudanganye, utabanwa.

Kwa hiyo wiki hii ni apariteri. Omba releve 3 kwenye bahasha zilizofungwa na kupigwa muhuri, hati ya saa za TP, na silabasi zote. Silabasi uzitafute sasa, maprofesa wako wangali hai na wangali mjini. Mimi za kwangu nilizitafuta miaka 9 baada ya kumaliza, na mbili sikuzipata kabisa.