Tukani, hondohondo na kasuku mwekundu

Swali: Naandaa maelezo ya picha za ndege wa msitu wa Amazon kwa wanafunzi wa shule ya msingi. Nimeandika "hondohondo ya Amerika" na "kasuku nyekundu na njano". Mwenzangu ameyakataa yote mawili. Je, nimekosea?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi, ila makosa yenyewe ni ya aina mbili.

La kwanza ni la jina. Hondohondo wanaishi Afrika na Asia. Yule wa Amerika mwenye mdomo mkubwa, yaani tukani, ana ukoo wake, ulio karibu zaidi na kigong'ota. Hata tabia zao hazifanani: hondohondo jike wa jamii nyingi hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi, na dume akamlisha kupitia ufa mwembamba. Yule wa Amerika hazibi mlango, na dume na jike hulalia mayai kwa zamu. Mtoto akifundishwa kuwa huyu ni hondohondo, atambebesha na tabia zisizo zake. Mwite tukani: tukani mmoja, tukani wengi.

Kasuku, kwa upande wake, ni jina sahihi kabisa. Yule wa misitu ya Kongo ni wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na wale wakubwa wa Amazon wana mikia mirefu na rangi kali, lakini wote ni kasuku.

Kosa la pili ni upatanisho. Ndege ni kiumbe hai, kwa hiyo "hondohondo ya" haifai hata angekuwa hondohondo kweli, sema "wa". Vivyo hivyo, ni "kasuku mwekundu", wakiwa wengi "kasuku wekundu". "Nyekundu" tuiachie nyumba na kalamu. Ukipenda kusema "kasuku wa rangi nyekundu", hapo ni sawa, maana kivumishi kinafuata neno rangi. Ukitaja manyoya yake, ni "manyoya mekundu".

Wengi hukwama kwenye manjano na buluu. Maneno haya hayapokei viambishi kama -ekundu, -eusi na -eupe, basi yaunganishe kwa kihusishi: mabawa ya manjano, mkia wa buluu.

Kwa hiyo chini ya picha zako andika: "Kasuku mwekundu mwenye mabawa ya manjano na buluu", na "Tukani mweusi mwenye koo jeupe".