Kura ya ndoa za jinsia moja Maine, 2009 na 2012

Umeuliza inakuwaje jimbo la Maine, Marekani, liseme "Ndiyo" mara mbili na matokeo yapingane. Angalia nani alileta swali. Mwaka 2009 bunge la jimbo lilishapitisha sheria ya kuruhusu ndoa za jinsia moja na gavana akasaini. Wapinzani wakakusanya saini kuipeleka kwa wananchi, kwa hiyo Ndiyo ilikuwa ya kuifuta. Ikafutwa kabla ya kuanza kutumika, kwa takriban asilimia 53. Novemba 2012 swali lililetwa na waungaji mkono: Ndiyo ikawa ya kuruhusu, ikashinda kwa karibu asilimia hiyohiyo, na ndoa zikaanza Desemba 29.

Jimbo jingine, Minnesota, mwaka 2012 ndiko kulikuwa na mtego mkubwa zaidi. Swali la huko la kuzuia ndoa hizo lilikuwa la badiliko la katiba ya jimbo, hivyo aliyepiga kura akaacha swali hilo wazi alihesabiwa Hapana.