Linux au GNU/Linux, tuandike lipi?

SWALI: Habari mhariri, mi na wenzangu tunatafsiri mwongozo wa programu huria kwa Kiswahili, sasa ukurasa wa kwanza tumeandika Linux, wa nne GNU/Linux, na kwa upande wa Mac kuna mahali OS X mahali macOS. Kuna ubaya kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ubaya upo ndugu yangu, tena mkubwa kwa anayeanza. Majuzi nilikaa na kijana anainstoli programu, akafika palipoandikwa "kwa GNU/Linux fanya hivi" akaparuka, eti yake ni Linux tu, hiyo nyingine hana. Nusu saa ikapotea hapo.

Linux yenyewe ni keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, aliianzisha Linus Torvalds 1991, lakini zile amri za kila siku kwenye Debian (mfumo mmojawapo wa Linux) kama ls ya kuorodhesha mafaili na cp ya kunakili zimetoka mradi wa programu huria wa GNU aliotangaza Richard Stallman 1983, ndo maana Debian wanajiita Debian GNU/Linux, na mi naona ni haki kuwataja waliofanya kazi. Ila msiibandike kila mahali, Android ina keneli ya Linux bila vifaa vya GNU, Alpine nayo, mfumo mwingine wa Linux, inatumia musl na BusyBox badala ya vifaa vya GNU, hapo mkiandika GNU mmepotosha.

Mac rahisi: Mac OS X ikawa OS X 2012, halafu macOS tangu 2016, m ndogo. La zamani liachieni matoleo ya zamani tu. Fungueni faili moja la majina, kila mtafsiri alichungulie kabla hajaanza, na kabla ya kuutoa mwongozo pigeni grep "OS X" (grep ni amri ya kutafuta maneno kwenye mafaili) muone yaliyosalia.